Nasriya binti Harub na Mabaraza Mawili ya Nyumba ya Bawshar

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, masheikh wetu, wazee wetu, majirani, walimu wenzake marehemu, wanafunzi wake mliokuja na watoto wenu mikononi, na nyinyi jamaa wa upande wa wanaume mnaotusikia kwa spika, tunaomba utulivu wenu kidogo, kwani tunayo khabari ya maisha ya ndugu yetu Nasriya binti Harub bin Ghanim, aliyetutoka siku ya Ijumaa, tarehe 9 Januari 2026, na leo ni siku ya tatu ya msiba wake.

Kusomewa maiti historia si ada yetu sisi, hilo tunalijua, na wapo humu ndani wanaonitazama kwa jicho la upande, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyeusia, baada ya kuhudhuria ibada ya kumwombea Nalule, binti wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani, ibada iliyofanywa kanisani kule Ruwi, ambako alisikia maisha ya yule binti yakisomwa tangu kuzaliwa mpaka kufa, skuli aliyosoma, kazi aliyofanya, watu aliowalea, akatoka pale akasema na yeye anataka hivyohivyo, watu wasije wakanywa kahawa ya msiba wake na kwenda zao bila ya kujua alisoma wapi. Akausia pia kwamba nisome mimi, Rawya, mdogo wao wa mwisho, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "Rawya hana haya, atasema." Basi lawama mpelekeeni yeye.

Na kabla sijaanza, niseme lililo moyoni mwetu sote, kwamba tumelia na macho yametuvimba, lakini tumepumua. Marehemu hakuwa akiogopa kufa, alikuwa na jambo moja tu lililomkosesha raha, kwamba atakufa na ndugu zake wa baba mmoja hawajakaa tena sinia moja, na jambo hilo, alhamdulillahi, halikumfika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtaa wa Kikwajuni, Unguja, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Harub bin Ghanim na mkewe mkubwa, Bi Shinuna, na wa kwanza wa tumbo hilo ni Kaka Zahor, ambaye yuko upande wa wanaume na ambaye tutamtaja sana leo, atuvumilie. Mwaka 1964, baada ya yale yaliyotokea Unguja, familia ilihamia Dar es Salaam, na huko, mwaka 1966, Mzee alimwoa mama yetu sisi, Bi Zuwena, ambaye alijaaliwa watoto wawili tu, Safwan mwaka 1968 na mimi mwaka 1973, kwa hivyo sote tu tisa wa baba mmoja, saba kwa mama mkubwa na wawili kwa mama mdogo, na hesabu hii naomba muiweke vizuri kichwani, kwani ndiyo iliyotaka kutumaliza.

Alianza chuo cha Kurani na skuli huko Unguja mwaka 1963, akaendelea Dar es Salaam mpaka familia ilipohamia hapa Maskati mwezi wa Disemba 1971, wakati nchi ndiyo kwanza inafungua milango, akatiwa darasani na wasichana waliomzidi Kiarabu cha kusoma na kuandika, yeye anajua Kiswahili na Kiingereza, wakamcheka, akanuna muhula mzima, na muhula wa pili akawa ndiye anayewasahihishia insha zao. Alimaliza sekondari mwaka 1977, na mwezi wa Agosti 1978 akapata nafasi ya serikali ya kwenda kusoma Marekani, katika jimbo la Ohayo, jambo ambalo Bi Shinuna alilipinga kwa kususia chai, na Mzee akalikubali kwa sharti kwamba binti yake asomee kitu chenye faida, udaktari au uhandisi, naye akaitikia, "Inshaallah, baba," akapanda ndege, akaenda zake kusomea siasa na serikali. Aliporudi na shahada yake, Mei 1982, Mzee alimuuliza amesoma nini hasa, akajibu kwamba amesoma serikali ya Marekani ilivyoanza na inavyokwenda, Mzee akauliza, "Na Wamarekani wenyewe hawana watu wa kuisoma?"

Kazi alianzia katika ofisi moja ya serikali, akiwa mfasiri, mpaka tarehe 7 Septemba 1985, alipoajiriwa na skuli moja ya binafsi inayofuata mtaala wa Kimarekani, akafundisha hapo somo hilohilo la serikali ya Marekani mpaka alipostaafu Juni 2014, na wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka kwamba somo la kwanza la kila mwaka lilikuwa swali, anaingia, anaweka mkoba, anamwangalia mtoto wa mbele na kumuuliza, "Nani kanipa ruhusa ya kukutawala?" Akitoka hapo ndipo anapowaeleza kwamba kwa fikra za wale walioiasisi Marekani mtawala hupata haki yake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, kwamba serikali iwe na mpaka ambao haiuvuki hata ikiwa na nia njema, na kwamba mambo haya hawakuyazua wao, waliyabeba vichwani mwao walipotoka Uingereza, ambako tangu mwaka 1215 wakubwa wa nchi walimbana mfalme akakiri kwa hati kwamba na yeye yuko chini ya sheria. Akiwafikisha mwaka 1776, makoloni kumi na matatu yalipomkataa mfalme kwa kutozwa kodi na bunge ambalo hawana mtu wao ndani yake, watoto hushangilia, naye huwanyamazisha, huwaambia wasishangilie mapema, kumtoa mtu kitini walikwishaweza, kazi ilikuwa kukaa wao kwa wao.

Hapo alikuwa akipenda kusimama kwa muda mrefu, kwani mapatano yao ya kwanza yalikuwa hayana nguvu, serikali ya katikati inaomba lakini haiwezi kulazimisha, na kubadilisha neno moja lazima wote kumi na watatu wakubali, mmoja akigoma basi tena, mpaka wakaona mambo yanawaharibikia, wakakutana Filadelfia majira ya joto ya mwaka 1787, wakafunga madirisha, wakaweka walinzi mlangoni, wakaahidiana yanayosemwa ndani yasitoke nje, ili mtu akibadilisha rai yake asione haya, na karibu waachane kwa jambo moja, majimbo makubwa yanataka kauli kwa wingi wa watu, majimbo madogo yanataka usawa. Walipatana kuwa na mabaraza mawili, moja kwa wingi wa watu, moja kwa usawa wa majimbo, na sheria haiwi sheria mpaka ipite kote kuwili. Wala hakuwapamba, aliwaeleza wazi kwamba watu wale waliwahesabu watumwa, kila watano kwa hesabu ya watatu, ili mabwana zao waongezewe viti, na watumwa wenyewe hawana kauli, na mwanafunzi mmoja wa kwetu, wa asili ya Unguja, alipowacheka Wamarekani kwa jambo hilo, marehemu alimwambia aende nyumbani akamuulize bibi yake nani alikuwa akiwachotea maji.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Januari 1984 na Bwana Maan, mhandisi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari, mtu mpole ambaye kwa miaka arubaini na moja amesikia khabari za Filadelfia mezani kuliko anavyozisikia za mechi, na wakajaaliwa watoto wawili, Aseel aliyezaliwa mwaka 1986 na Loai aliyezaliwa mwaka 1989, na wajukuu wanne. Nyumba yao iko hapahapa Bawshar, mtaa huuhuu, mlango wa nne kutoka nyumba hii tuliyokaa, ambayo Mzee aliijenga mwaka 1984 na akaishi ndani yake na wake zake wawili bila ya sisi kusikia kelele hata siku moja, na Bi Shinuna alipougua mpaka akafariki mwaka 2003, aliyemwosha na kumlisha alikuwa ni Bi Zuwena.

Mzee alifariki tarehe 3 Juni 2009, na nyumba hii ikabaki yetu sote tisa, haikugawanywa, Bi Zuwena akiwa ndani yake. Tulipokaa kuzungumza itaendeshwa vipi, marehemu ndiye aliyependekeza kwamba lisifanywe jambo lolote ndani ya nyumba mpaka sote tisa tukubali, tukamsifu kwa busara zake, kwani lilikuwa pendekezo la adabu, na hapo ndipo mwalimu wetu alipoteleza vibaya. Maana sisi tunajijua, kwetu mtu hamwambii kaka yake mkubwa "hapana", humwambia "inshaallah", na kwa hivyo tangi la maji la juu ya dari lilipotoboka, wa kwanza akataka libadilishwe, wa pili akataka lizibwe, watatu wakasema inshaallah, Kaka Zahor akasema tutaona, hakuna aliyekataa na hakuna aliyekubali, na mama yetu akawa anatega mabeseni kwenye ukumbi, miaka ikapita, dari ikaota ukungu, geti likaota kutu, na kila tukikutana tunaulizana hali kwa heshima kubwa.

Aliyemzindua ni binti yake, Aseel, siku moja mwaka 2016, walipokuwa wakinywa kahawa chini ya ile dari, matone yanaanguka kwenye beseni, akamuuliza, "Mama, hii si ndiyo ile serikali ya kwanza ya Wamarekani?" Marehemu aliweka kikombe chini, na Aseel anasema hajapata kumwona mama yake amefedheheka namna ile, kwani jambo alilolikosoa darasani miaka yote alikuwa amekwenda kuliweka nyumbani kwao kwa mkono wake.

Lakini kabla hajalitengeneza, Kaka Zahor alikuja na dawa yake, kwamba sasa tupige kura, wengi wape, na rai yake ilikuwa nyumba ivunjwe, lipandishwe jengo la fleti la ghorofa nne, na Bi Zuwena ahamie kwa Safwan, kwenye fleti yake ya Ruwi, ghorofa ya tano. Kura ikapigwa, sita wa mama mkubwa wakakubali, sisi wawili tukakataa, na marehemu, ambaye ni wa mama mkubwa, akasimama upande wetu, Kaka Zahor akamwambia sita wanatosha, naye akamjibu, "Nyinyi kila siku mtakuwa wengi, kaka, basi hiyo si kura, ni kuwasukuma watu kwa adabu." Mama yetu alipoletewa khabari akasema neno moja tu, "Mie hapa nnatoka siku nikibebwa," na Safwan, ambaye hasira zake mnazijua, akaenda kubadilisha kufuli la geti, Kaka Zahor akaja akakuta ufunguo wake hauingii kwenye nyumba ya baba yake. Hapo tena tukaachana.

Idi kubwa ya mwaka 2017, Septemba mosi, ilikuwa mara ya kwanza tangu tuhamie nchi hii watoto wa Harub kuchoma shuwa, ile nyama ya Idi ya kufukiwa, kwenye mashimo mawili, moja hapa uani, jingine kwa Kaka Zahor, na kila upande ukampelekea marehemu sahani ya nyama, akazifunika zote mbili, hakula hata moja. Ikawa hivyo mwaka hata mwaka, tunasalimiana misibani tu, watoto wetu hawajuani, na Kaka Zahor, ambaye alilelewa na mama yetu tangu ana miaka kumi na nne na aliyekuwa akimwita mama, akaanza kumwita Bi Zuwena kama anavyomwita mtu wa njiani, na jambo hilo, nitasema ukweli, ndilo lililomuuma mama kuliko la nyumba.

Tarehe 16 Februari 2021 marehemu aligundulika kwamba mafigo yake yamechoka, akaanza kusafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na yeye, ambaye tangu Safwan abadilishe kufuli alikuwa akijiambia kwamba watapatana wenyewe, aliona sasa muda wa kungoja umekwisha. Ijumaa ya tarehe 17 Juni 2022, baada ya sala ya alasiri, alituita sote nyumbani kwake, na sote tulikwenda, kwani mgonjwa hakataliwi, tukaingia ukumbini tukakaa sita huku na wawili kule, yeye katikati, hatutazamani, na Namuddu, dada wa Kiganda anayemtunza mama yetu, akapita na beseni la kuoshea mchele, akakusanya simu zetu zote akaenda kuzifungia jikoni. Mapazia yakashushwa, Bwana Maan akawekwa mlangoni, na marehemu akatupa masharti, kwamba yanayosemwa humu hayatoki kwenda kwa wake, waume wala makundi ya simu, kwamba mtu akibadilisha rai hakuna wa kumkumbusha alivyosema jana, na kwamba tutarudi kila Ijumaa mpaka tumalize au yeye afe, lolote litakalotangulia.

Tulirudi Ijumaa nyingi, joto la Maskati mnalijua, na kwa mara ya kwanza maishani mwetu tuliambiana maneno ya kweli. Kaka Zahor alisema toka lini mkubwa akapigiwa kura na mdogo wake, Safwan akasema toka lini mkubwa akamtoa mama wa wenzake ndani, wakapandishiana, Bwana Maan akatia kahawa, wakashuka, marehemu akawaacha wamalize, kisha akaeleza alilolifikiria, kwamba nyumba iwe na mabaraza mawili, Baraza la Vichwa, ambamo kila mmoja wetu ana kauli moja, na Baraza la Matumbo, ambamo tumbo la Bi Shinuna lina kauli moja na tumbo la Bi Zuwena lina kauli moja, na jambo halipiti mpaka lipite kote kuwili. Kaka Zahor akanung'unika kwamba jina lenyewe linamkumbusha duka la nyama, halafu akatoa hoja yake, na ilikuwa hoja nzito, kwamba hivyo watu wawili watawazuia watu saba, na sababu gani saba wakubali kufungwa mikono na wao ndio wengi.

Marehemu hakubishana naye, alimwomba tu awahesabu watoto wetu, kwani kila mmoja wetu akifa kiti chake watakirithi wanawe, kila mtoto kichwa chake. Kaka Zahor akaanza kuhesabu kwa vidole, wa kwake wawili, wa Nasriya wawili, wa fulani mmoja, wa fulani wawili, mpaka akamaliza tumbo zima la Bi Shinuna akapata watoto kumi na mmoja, kisha akaja kwetu, Safwan peke yake ana wanane, mie nina watano, vidole vikamwishia. Mimi mwenyewe, wallahi, nilikuwa sijapata kuifanya hesabu hiyo. Marehemu akamwambia kwa upole, "Kaka, leo wengi ni sisi, kesho wengi ni wao, sasa nambie, kanuni gani unataka wanao waikute?" Kaka Zahor alimtazama Safwan, akautazama mkono wake, kisha akacheka, kicheko cha Mzee kabisa, kinachoanzia mabegani, na ilikuwa miaka sita hatujakisikia kicheko hicho mbele yetu.

Baada ya hapo mengine yakawa mepesi, tukakubaliana awepo mshika funguo wa kuendesha nyumba kwa miaka mitatu, asiyeongezewa muda, naye afanye yale tu yaliyopitishwa, na kubadilisha kanuni zenyewe kuwezekane, lakini kusiwe rahisi. Tukakubaliana pia kwamba yapo mambo ambayo kura haiyagusi, hata tukiwa sote tisa kwa kauli moja, la kwanza likiwa Bi Zuwena hatolewi chumbani kwake maadamu yuko hai, na tulipodhani tumemaliza, Namuddu alileta beseni la simu, akasimama, akauliza kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama, na mimi ninayekaa ndani ya hiyo nyumba, hapo niko wapi?" Marehemu akamwambia Aseel aongeze, Ijumaa, ambayo hapa ndiyo siku ya mapumziko na hata makanisa husali, ni ya Namuddu kwenda kanisani Ruwi, paspoti yake anaishika mwenyewe, na hakuna baraza litakalokaa kuyajadili hayo. Tarehe 5 Agosti 2022 tulitia saini, Kaka Zahor akachaguliwa mshika funguo wa kwanza, na jambo la kwanza kupita mabaraza yote mawili, bila ya mtu kusema inshaallah, lilikuwa tangi jipya la maji.

Rai ya fleti ililetwa tena mwaka uliofuata, safari hii zijengwe uani na chumba cha mama kisiguswe, ikapita Vichwa, ikakwama Matumbo, na Kaka Zahor akaimeza, lakini marehemu hakutulia, kwani kuheshimu kanuni ni jambo moja na kupendana ni jingine, shuwa bado ilikuwa mashimo mawili, na zaidi ya yote alijua kwamba mtihani wenyewe haujafika. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba utawala haujulikani mtu anapoupokea, unajulikana siku anapouachia, na siku hiyo kwetu ilikuwa Ijumaa, Agosti mosi mwaka jana, ambapo mabaraza yalikuwa yamekwishamchagua Safwan, na Kaka Zahor, mtu wa miaka sabini na tatu, mkubwa wetu sote, anatakiwa aweke funguo za nyumba ya baba yake katika mkono wa mdogo wake wa mama mwingine, yuleyule aliyembadilishia kufuli.

Tulikusanyika kwa marehemu baada ya alasiri, mama yetu naye akaletwa, sote tukawepo isipokuwa Kaka Zahor. Simu yake inaita haipokewi, kahawa ikazunguka, ikazunguka tena, Safwan akaanza kutikisa mguu, mmoja wa ndugu akasema kwa sauti ya chini kwamba alijua tu, na marehemu, aliyekuwa ametoka kusafishwa damu asubuhi na hana nguvu hata ya kushika kikombe, alikuwa anautazama mlango tu na rangi imemtoka usoni, na nilipomwambia akajinyooshe kitandani alinijibu, "Akikataa huyu, Rawya, mie nimefundisha upuuzi maisha yangu yote." Sijapata kuliona jua likizama polepole kama siku ile.

Karibu na magharibi Kaka Zahor aliingia, kanzu yake ya dishdasha imelowa maji na grisi mpaka kiunoni, kilemba hana, akatoa salamu, akenda moja kwa moja kwa Safwan, akamtilia shada la funguo mkononi, akasema, "Pampu ya dari ilikufa tangu adhuhuri, nimetia mpya, usiiwashe ile ya zamani," kwani aliona ni aibu kumkabidhi mtu nyumba isiyo na maji mwezi wa Agosti, na huko juu ya dari hakuwa na simu, aliiacha garini. Safwan alisimama na zile funguo, akamshika kaka yake mkono akaubusu, na Kaka Zahor, ambaye hapendi mambo hayo, akasema, "Nna njaa." Likaletwa sinia moja la wali na samaki, wakakaa, tukakaa, wake kwa waume, watoto wa Harub wote tisa, na marehemu akala wali na chumvi yake bila ya kumuuliza daktari, huku machozi yanamtiririka na anacheka, na Bwana Maan ni shahidi kwamba tangu siku ile mkewe alilala usingizi wa mtoto.

Mwezi wa Novemba hali yake ilibadilika, moyo nao ukaanza kuchoka, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Januari 2026, akiwa na Bwana Maan na Aseel pembeni yake, alivuta pumzi yake ya mwisho akiwa na umri wa miaka sitini na minane, akasaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya Ijumaa, katika makaburi ya hapa Bawshar.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2021, ambao aliwafundisha serikali ya Marekani wakiwa wanamchoma sindano, majirani mliotupikia tangu juzi hata majiko yetu yamepoa, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, na Namuddu, ambaye Ijumaa ile ilikuwa siku yake na hakwenda kanisani. Na mwisho tunamshukuru Kaka Zahor, na hapa nitasema jambo ambalo wanaume hawakuliona vizuri kwa kuwa walikuwa nyuma yake. Waliporudi kuzika, yeye ndiye aliyetangulia kufika, geti liko wazi, nyumba imejaa watu, akasimama nje juani na watu wote wakasimama nyuma yake, haingii, kwani Safwan alikuwa bado yuko njiani na gari la wazee, mpaka mama yetu akachungulia dirishani akamwambia, "Zahor, mbona umesimama nje kama mgeni, si upite?" Naye akajibu, "Nnamngoja mshika funguo, mama."

Amemwita mama. Sote wanawake wa humu ndani tumesikia.

Basi, Mwenyezi Mungu akurehemu, da Nasriya, akusamehe ulipoteleza, akupe nuru kaburini na akukutanishe na wazee wetu, nasi tutaishika nyumba. Pumzika sasa, ndugu zako wamo ndani.